AKIKI YA UPINDE KAOLE: KITO AU CHANGA LA MACHO?

Mjini hapa kila mtu na ugonjwa wake, msomaji wangu. Wapo wenye ugonjwa wa raba, wapo wa simu, wapo wa mawigi. Sasa umeingia mwingine: ugonjwa wa mawe. Vijana wa kileo hawataki tena pete ya dhahabu ya kufanana na ya shangazi. Wanataka jiwe, tena jiwe la kubadilika rangi. Uligeuze hivi buluu, uligeuze vile waridi, ulisogeze kwenye taa kijani kama jicho la paka. Wauzaji wanaliita "akiki ya upinde", maana eti ndani yake umelala upinde wa mvua mzima mzima. Ukiuliza linatoka wapi, hukosi mtu wa kukuvuta pembeni na kukunong'oneza: Kaole, Bagamoyo, kule kwenye magofu.

Hapo ndipo nilipoanza kukuna kichwa. Kaole naijua. Niliwahi kupelekwa nikiwa kidato cha pili, tukala mihogo na kachumbari, tukapiga picha na mbuyu. Kama pale kungekuwa na vito vimelala chini, mwalimu wetu wa historia asingerudi Dar na suruali ile ile moja.

Lakini si vizuri kubisha kabla ya kutazama. Na kilichonisukuma nitazame kwa makini ni jirani yangu mmoja, kijana anayeuza raba za mtumba Manzese. Kijana huyu alikuja kwangu jioni akiwa amejaa furaha hadi masikioni. Kapata zali. Kuna jamaa Bagamoyo ana jiwe la akiki ya upinde ukubwa wa ngumi, anataka Sh. 600,000/= tu, na tayari kuna mnunuzi kwenye simu yuko tayari kulichukua kwa milioni sita. Nikamuuliza hizo laki sita anazo? Anazo. Laki mbili mtaji wake wa raba, na laki nne ni za mama yake. Mama alikuwa kapokea zamu yake ya mchezo, anasubiri kuezeka chumba cha nyuma apangishe.

Jamani! Hela ya mchezo wa mama!

"Dada, kwani yule Laizer alikuwa nani kabla ya jiwe?" akaniuliza. Swali zuri, na jibu kila mtu analo. Juni 2020 Saniniu Laizer wa Mererani aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, akalamba Sh. bilioni 7.74. Tangu siku hiyo kila kijana nchi hii akijikwaa kwenye jiwe anainama kulitazama mara mbili. Simlaumu mtu. Ila Laizer alikuwa mchimbaji mwenye leseni, tena Mererani, mahali ambapo tanzanaiti inajulikana ipo tangu mwaka 1967. Hakununua jiwe chini ya mwembe kwa mtu asiyemjua jina.

Nikamwomba mshikaji siku tatu. Akanipa mbili.

JIWE LA WAZEE

Kabla hatujafika mbali tuelewane kwanza juu ya hii akiki yenyewe. Kwa watu wa pwani si ngeni hata kidogo. Nenda msikitini Ijumaa, tazama mikono ya wazee wanaotoka: pete ya fedha, juu yake jiwe jekundu la rangi ya maini au la rangi ya chungwa lililoiva. Hiyo ndiyo akiki. Jina tumelichukua kwa Waarabu, na akiki ya Yemen ndiyo inayosifika kuliko zote. Wengine wanavaa kwa dini, wengine kwa kinga, wengine kwa sababu baba aliivaa. Na wapo, tusidanganyane, wanaovaa kwa kutafuta mchumba.

Kitaalamu akiki ni ndugu wa mchanga. Ndiyo, mchanga huu huu wa ufukweni, ambao sehemu yake kubwa ni vipande vya kwazi. Akiki nayo ni kwazi, ila ya chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho, zilizojipanga tabaka juu ya tabaka. Mara nyingi huzaliwa ndani ya miamba ya volkano. Lava ikipoa huacha matundu ya mapovu, maji yenye madini yanapenya polepole na kuyajaza, ukuta mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana ukiikata unaona mistari kama ya kitunguu.

Tanzania hatuko nyuma kwa ukoo huu. Haneti, mkoani Dodoma, kuna krisopresi, jiwe la kijani kibichi ambalo ni ndugu wa damu wa akiki. Kijani chake kinatokana na nikeli. Kwa hiyo anayekwambia Tanzania kuna mawe ya ukoo wa akiki hajakudanganya. Swali ni Kaole.

KWA SONARA

Siku ya kwanza niliitumia kwa sonara mmoja, mzee wa Kihindi, mtaa wa Indira Gandhi. Duka lenyewe jembamba kama korido, feni moja, na mzee ana lenzi inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Binti, huyo muuzaji anaonyesha upinde juu ya jiwe au ndani ya jiwe?"

Nikasema kwa maelezo ya mshikaji ni juu, unaonekana hata jiwe likiwa mkononi.

"Basi safari yako fupi," akasema. Akavuta droo, akatoa kipande cha jiwe chembamba kuliko sarafu ya shilingi mia, cheupe cha maziwa, kibaya kabisa. Ningekiokota barabarani ningekitupa. Akaniambia washa tochi ya simu, iweke nyuma ya kipande, tazama. Bwana wee! Kile kibaya kikawaka: nyekundu, njano, kijani, zambarau, mistari mistari, na nikikiinamisha kidogo rangi zinakimbia kama samaki waliotupiwa jiwe.

Hiyo ndiyo akiki ya upinde ya kweli. Kile kilitoka Brazil. Na siri yake, alivyonieleza, si rangi iliyomo ndani ya jiwe. Rangi hakuna. Kuna mistari tu, myembamba mno, mamia kwa mamia ndani ya milimita moja. Mwanga ukipita kati yake unachanika, kila rangi inashika njia yake. Unaikumbuka sidii ya muziki? Ukiigeuza kwenye jua unaona rangi, na hakuna aliyeipaka. Ni mifereji midogo ya kwenye sidii inayoupasua mwanga. Akiki ya upinde ni sidii iliyotengenezwa na Mungu kwa miaka isiyohesabika.

Kwa hiyo shika hili: akiki ya upinde haionyeshi upinde ikiwa bonge. Lazima ikatwe iwe nyembamba, na mwanga upite kutoka nyuma. Bonge la ukubwa wa ngumi linalong'aa rangi zote saba juu ya ngozi yake, chini ya mwembe, saa sita mchana, hilo ni kitu kingine.

Kitu gani? Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole. Inaweza kuwa akiki ya moto, ambayo kweli inaonyesha rangi juu, kama mafuta ya gari yaliyomwagika kwenye dimbwi la gereji. Ile ina vitabaka vyembamba vya kutu ya chuma ndani yake. Lakini kwao ni kaskazini ya Mexico na Arizona kule Marekani, si Bagamoyo. Inaweza kuwa jiwe la kawaida lililotiwa kiwandani kwenye tanuri lisilo na hewa, likapulizwa mvuke wa titaniamu, likatoka linang'aa kama njiwa. Hayo yamejaa madukani, yanapendeza, na hayana kosa lolote kama muuzaji atasema ukweli. Au ni kioo.

"Na zile nyingine za pinki na buluu kali?" nikauliza, maana mimi mwenyewe hereni zangu nilizonunua Kariakoo ni za buluu kali, na nilikuwa nimezivaa hapo hapo.

Akaziangalia. Akasema kwa upole kuwa zimetiwa rangi. Mji wa Idar-Oberstein, Ujerumani, umekuwa ukipika na kupaka akiki rangi tangu karne ya 19, na leo inafanyika kila mahali. Akiki hunywa rangi kama kitambaa. Ukitaka kujaribu, lowesha pamba kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, isugue upande wa nyuma. Pamba ikigeuka buluu, umejua. Isipogeuka, bado hujajua, kwa sababu rangi nyingine hazitoki. Hereni zangu hazikutoka rangi. Bado nazivaa.

Kuna jambo lingine alisema, nikaliweka akiba. Wazee wake walitoka Gujarat, na kule kuna mji unaitwa Khambhat, wenyewe Wazungu waliuita Cambay. Kwa mamia ya miaka mji huo umekuwa ukichonga akiki. Mawe yanachimbwa Ratanpur yakiwa ya kahawia au kijivu, yanaanikwa juani miezi, kisha yanapikwa kwenye vyungu kwa moto wa samadi mpaka chuma kilichomo ndani kinageuka chekundu. Halafu yanachongwa, yanatobolewa, yanasuguliwa, yanakuwa shanga. "Na unajua shanga hizo zilikwenda wapi?" akaniuliza. Akaonyesha kwa kidole sakafuni. Hapa hapa.

KAOLE YENYEWE

Siku ya pili mimi na mshikaji tukapanda basi la Bagamoyo stendi ya Makumbusho. Hela ya mama iko kwenye soksi. Njia nzima ananiambia ataniletea ile friji ndogo niliyoitamani. Nikanyamaza.

Kutoka Bagamoyo mjini hadi Kaole ni kama kilometa 5 kuelekea kusini, bodaboda inakufikisha kabla hujamaliza soda. Mahali penyewe pametulia mno. Misikiti miwili imebaki kuta, mmoja wao ni wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe ya matumbawe. Kwenye baadhi ya nguzo zile palipachikwa bakuli za China, za fahari, kuonyesha kuwa marehemu hakuwa mtu wa hivi hivi. Leo unayaona matundu tu. Mwaka 1958 mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick alichimba hapa, na tangu hapo inajulikana kuwa huu ulikuwa mji wa biashara wenye pesa zake, kabla Bagamoyo haijasikika. Baadaye mikoko ikala bandari, vyombo vikahamia kwingine.

Sasa tazama chini. Unaona nini? Mchanga, udongo, matumbawe. Mwamba wa volkano hakuna. Kuta zenyewe zimejengwa kwa matumbawe kwa sababu ndiyo mawe waliyokuwa nayo. Akiki itazaliwa wapi hapo? Hata ungechimba mpaka jasho likuishe, kisima utapata, akiki ya kuzaliwa hapo hupati.

Lakini, na hili "lakini" ndilo lililofanya safari yangu iwe na maana, akiki inaweza kuwepo Kaole. Si kwa kuzaliwa. Kwa kuletwa. Pwani yetu nzima, kuanzia Shanga na Manda kule Lamu mpaka Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta shanga za akiki nyekundu kutoka India. Zilikuja na majahazi ya kaskazi, pamoja na nguo, yakarudi na kusi yakiwa na pembe za ndovu na dhahabu ya Sofala. Mreno Duarte Barbosa aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16 anazitaja shanga za Cambay katika biashara hii. Kwa hiyo dada yako wa mwaka 1400 aliyekuwa akijipamba Kaole naye alikuwa na ugonjwa wa mawe kama sisi. Tena alikuwa anavaa orijino.

Muuzaji tulimkuta nje ya eneo la magofu, chini ya mwembe kama nilivyotabiri. Nilitegemea tapeli wa mjini mwenye miwani myeusi. Nikakuta kijana wa kuvua, miguu imepasuka kwa chumvi, ana haya. Akafungua kitambaa.

Nitasema kweli: ni kitu kizuri. Bonge la kijani cheusi, na juu yake rangi zote, dhahabu na zambarau na buluu, kama tumbo la samaki. Mshikaji alishusha pumzi, mkono ukaanza kwenda kwenye soksi. Nikamshika.

Nikamwomba yule kijana ruhusa ya kulitazama kwa lenzi niliyoazimwa na sonara. Akakubali. Ndani, mapovu. Mviringo, madogo, yamejipanga kama ya soda. Akiki haina mapovu ya namna hiyo, kioo kinayo. Upande uliomeguka ulikuwa unameremeta kama chupa iliyovunjika, wakati akiki ikimeguka huonekana imefifia, kama nta ya mshumaa. Nikamwomba ruhusa ya pili: nikwangue kidogo pembeni kwa ukucha. Akakubali, akijiamini kabisa. Ule upinde ukabanduka. Ukatoka vipande vyembamba kama magamba ya dagaa, vikapeperuka na upepo, na chini yake kikabaki kioo cha kijani, kioo cha kawaida cha kitako cha chupa nene ya zamani.

Msinielewe vibaya, hakuna aliyekipaka rangi. Kioo kikikaa ardhini penye unyevu kwa miaka mingi, maji hunyonya chumvi fulani zilizomo ndani yake, ngozi ya juu inageuka vitabaka vyembamba kuliko karatasi, na mwanga ukipiga hapo unatoa rangi za mafuta kwenye dimbwi. Vioo vya kale vya Warumi vinasifika duniani kwa ngozi hiyo hiyo. Bagamoyo, mji uliowahi kuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka mwaka 1891, na kabla ya hapo mwisho wa njia ya misafara, chupa za watu zilizotupwa si haba.

Yule kijana hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo si kito?"

"Si kito, kaka."

"Mimi niliuziwa elfu themanini," akasema. "Nilikuwa nimeweka ya nyavu."

Na yule mnunuzi wa milioni sita? Ni nani? Hakuna aliyewahi kumwona. Namba ilitoka kwa yule yule aliyemuuzia yeye. Mshikaji akapiga pale pale, ikaita, ikapokelewa, sauti nzito ikauliza kama mzigo tayari ameulipia. Aliposema bado, anataka kwanza waonane mnadani wa serikali, simu ikakatwa. Mchezo mkongwe huo, unatumika kwenye dhahabu, kwenye zebaki nyekundu, kwenye sarafu za Mjerumani. Mmoja anauza, mwingine anajifanya mnunuzi, katikati unabanwa wewe na tamaa yako. Tangu mwaka 2019 nchi ina masoko rasmi ya madini mikoani. Mtu mwenye kito halali na mnunuzi halali hukutana huko, kwenye mizani na karatasi.

Hela ya mama ilirudi Dar kwenye soksi ile ile. Friji yangu ndogo ndiyo basi tena.

USHANGA WA BIBI

Ningeishia hapo, ningekuwa nimepata makala yangu. Ila yule kijana mvuvi, alipoona tunaijua kazi, akasema twende kwa bibi yake, ana "kitu kingine" na kuna Mzungu alikwishamwambia atampa elfu hamsini.

Nyumba ya makuti, uani kumesafishwa kwa fagio la chelewa, mtoto wa kike wa kama miaka miwili anachezea kifuu.

"Hodi hapa! Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, karibuni, pitani ndani."

Kitu chenyewe kilikuwa mkononi kwa mtoto. Uzi mweusi, na kwenye uzi ushanga mmoja tu, mrefu kidogo, mwekundu kama kiini cha ukwaju, kingo zimelainika kwa kuvaliwa. Nikauweka mbele ya tochi. Ukawaka chungwa moja kwa moja, pamoja na utepe mweupe mwembamba ukikatiza. Hakuna povu hata moja. Tundu lake lilitobolewa kutoka pande mbili, yakakutana katikati kwa kupishana kidogo, kazi ya mkono. Mimi si mtaalamu na sitajifanya mmoja, lakini nilikuwa nimetoka kushika shanga kama hizo kwa sonara, na mikono yangu ilijua ni akiki.

Bibi akasema ulikuwa wa mama yake, na mama aliukuta shambani akilima mihogo, siku ya mvua. Tangu hapo kila mtoto wa nyumba hii anayeumwa homa za usiku anafungwa. Yeye mwenyewe aliuvaa. "Huu umetulea," akasema.

Mjukuu anataka uuzwe. Elfu hamsini ni kipande cha nyavu. Bibi hataki. Na hapo mimi nikajikuta katikati ya ugomvi wa nyumba ya watu, maana wote wawili walinigeukia kama hakimu.

Nikawaambia ninachokijua. Nchi yetu ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 ni cha kale mbele ya sheria hiyo. Huchimbi kukitafuta bila kibali, huuzi wala hupeleki nje bila kibali, na ukikiokota unatakiwa utoe taarifa. Yule Mzungu wa elfu hamsini alikuwa anamtafutia bibi kesi, na yeye anapanda ndege.

"Wataninyang'anya?" bibi akauliza. Si kwa hasira. Kwa wasiwasi tu, huku mkono umemfunika mtoto.

Sikuwa na jibu la kumpa kutoka kichwani, kwa hiyo tukarudi magofuni kumuuliza mtumishi wa pale zamu ile, mtu mzima, mpole. Hakukimbilia kuutaka ushanga. Swali lake la kwanza lilikuwa: shamba gani? Upande gani wa njia? Ulikutwa peke yake au na vigae? Mjukuu akawa anamjibu nusu nusu. Mtumishi akasema maneno ambayo naona yanafaa kuliko mahubiri yote niliyosikia siku ile: ushanga ukitolewa mahali pake bila kuandikwa ulitoka wapi, unabaki kuwa ushanga tu, mzuri, basi. Ukijulikana ulikaa chini ya kigae gani, karibu na ukuta gani, hapo unaweza kukwambia jahazi lilikuja lini na nani alikuwa na pesa. Kila shimo linalochimbwa usiku na watu wanaotafuta "vito vya upinde" linachanganya tabaka ambazo haziwezi kupangwa tena. Akatuonyesha moja, nyuma ya kichaka, lenye kina cha kiunoni. Ndani yake wachimbaji walikuwa wameacha chupa ya maji na vigae vilivyovunjwa juzi, kingo bado nyeupe.

Mjukuu alilitazama lile shimo, akatazama pembeni. Sikumuuliza kitu.

Jioni ile mtumishi alikuja na daftari mpaka uani kwa bibi. Akaupima ushanga kwa rula, akaupiga picha pande zote, akaandika jina la shamba na mwaka ambao bibi alikadiria, akisema mwaka wa mvua kubwa, mama yake akiwa na mimba ya mdogo wake. Akasema taarifa ataipeleka kwa wakubwa wake na jibu litakuja, lakini hawezi kuahidi jibu gani. Bibi akamuuliza mara mbili kama kwa sasa mtoto aendelee kuuvaa. Akasema mpaka barua irudi, usiuzwe, usipotee, usitoke Kaole.

Nimepiga simu juzi. Barua haijarudi. Mtoto ameota meno mawili zaidi, na mjukuu ameingia ubia na mwenye mtumbwi mwingine, wanagawana nyavu. Kile kitako cha chupa bado anacho, kakiweka dirishani. Anasema jua la asubuhi likikipiga pale palipobaki ngozi yake, wateja wa samaki wanasimama kukitazama.